Ukiziba Ufa

Usipoziba ufa utajenga ukuta: wimbo huo kila mwashi anaujua. Hakuna aliyemwonya Mjomba kwamba ukiziba ufa, ukuta huohuo waweza kubomolewa na mtoto wa dada yako, nawe unatazama.

Binti huyo alifika saa kumi na mbili jioni, ngazi begani. Kazi yake ilikuwa kuhamisha popo majumbani bila kuwaua, na ukoo mzima ulimwita Popo, kwanza kwa kumcheka, kisha kwa mazoea. Wiki mbili nyuma aliandika kwa chaki chini ya paa la Mjomba: USIZIBE. Popo walikuwa wakinyonyesha. Vitoto vikishajua kuruka, angetundika wavu wa kutoka bila kurudi, ndipo ufa uzibwe.

Leo chaki haikuwepo. Ufa haukuwepo. Ukuta ulikuwa laini kama yai, unanuka rangi mbichi.

"Umeona kazi?" Mjomba alitamba, mwiko mkononi. "Adhuhuri moja tu! Wewe na chaki yako, wiki mbili!"

"Adhuhuri? Mjomba, mchana wanalala ndani. Umewafungia wote."

"Wafe humohumo."

"Hawafi leo. Jua likizama watatafuta njia. Chini ya dari hiyo analala nani?"

Jibu lilikuwa ukelele. Binamu yake, binti wa Mjomba, alitoka mbio, kichanga chake cha miezi mitatu kifuani. "Kuna kitu kimeanguka kutoka tundu la waya wa taa!"

"Kimemgusa mtoto?"

"Nilikuwa nimempakata. Hapana."

"Una hakika?"

"Hakika! Kiko kule pembeni, kinatambaa."

"Funga mlango. Ziba chini kwa taulo. Asiingie mtu."

Popo akapanda ngazi, tindo na nyundo kiunoni. Jua lilibakiza upana wa kidole juu ya mapaa. Lakini apige wapi? Akabandika sikio ukutani. Kimya. Akasogea kulia. Kucha. Kucha nyingi, kama mvua juu ya karatasi.

"Thubutu!" Mjomba aliidaka ngazi kwa chini. "Ukuta huo nimeujenga hujazaliwa!"

"Basi umekula chumvi nyingi, utastahimili. Shikilia ngazi, Mjomba, au itikise. Chagua."

Ngazi ilitetemeka. Kisha ikatulia.

Chini ya rangi mbichi, saruji ya zamani ilikuwa kavu kama roho ya mwenyewe. Tofali la kwanza lilitoka vipandevipande. La pili likaanguka zima, likapasuka miguuni pa Mjomba. Joto na harufu ya kinyesi vikampiga Popo usoni. Jua likazama. Akabana pumzi, asitikisike.

Wa kwanza alipita sikioni mwake. Kisha wakamiminika, mama baada ya mama, hadi anga ikawameza.

Aliposhuka alivaa glavu, akaingia chumbani na kopo. Kilikuwa kitoto, uchi bado, mdomo wazi. Akapanda ngazi nacho, akakirudisha katika tundu alilobomoa.

Mjomba alikuwa amesimama juu ya kifusi, majirani wamejaa uani.

"Umenivunjia ukuta na heshima. Niombe radhi, hapahapa, wakisikia."

Popo akatoa chaki mfukoni, akaandika kando ya tundu: USIZIBE.

"Ukuta tutaujenga pamoja, vitoto vikisharuka," alisema kutoka juu ya ngazi. "Radhi siombi."