Mikono ya Mbele ya Landrova

"Shika uzi, dereva. Halafu usiupumulie."

Ambrosi akabana pumzi. Alikuwa amechuchumaa kando ya Landrova ya zahanati, uzi wa timazi ukining'inia kwenye vidole vyake viwili, na kile kipande cha risasi kilichofungwa chini kikayumba, kikayumba kidogo zaidi, kikatulia. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamevuliwa. Ekseli ilikuwa imekalishwa juu ya magogo mawili ya mninga yaliyokatwa siku moja kwa msumeno mmoja, ili lisiwepo lililomzidi mwenzake. Chini yake, amelala chali juu ya gunia, fundi Cyriaque alikuwa na rula ya mbao mkononi, akitazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na chuma. Alitazama kwa muda ambao mtu asiyemjua angedhani amesinzia. Kisha akachora mstari kwenye kipande cha boksi, akasema warudie.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

"Nyie mnatengeneza gari au mnajenga choo?" akauliza Elias, aliyekuwa amekalia tairi mlangoni. Elias aliendesha trekta la parokia, mtu wa miraba minne mwenye kicheko cha karibu, na siku hiyo alikuwa ametumwa kuleta vipuri kutoka stesheni. Vilikuwa vimefika kwa treni: jozi mbili za mikono ya mbele, kutoka duka moja la Dar es Salaam lililokubali parokia ichague moja na kurudisha nyingine. Mikono ni yale machuma mawili marefu yanayoishika ekseli ya mbele na kuifunga kwenye fremu, isisogee wala kujizungusha. Jozi ya kwanza ilikuwa nyekundu, nene, imechomelewa vizuri hadi mtu akatamani kuipapasa. Ya pili ilikuwa nyeusi, haina makeke, ukiiweka kando ya mikono ya zamani huoni tofauti.

Walikuwa wameanza na ile nyekundu. Kila mtu aliyepita mbele ya gereji asubuhi ile alisema ndiyo yenyewe.

Ambrosi naye alitaka iwe ndiyo yenyewe, kwa kuwa alichoka. Tangu mwaka juzi, parokia ilipoweka springi ndefu ili gari livuke mito ya masika, Landrova ile ilianza kutangatanga barabarani. Hapakuwa na kitu kilichovunjika. Ilienda tu ilikotaka, kidogo upande huu, kidogo upande ule, naye kutwa nzima anairudisha. Mwezi uliopita ilimshinda. Walikuwa wanatoka Sitalike, mchana kweupe, barabara kavu iliyonyooka, Sista Gaudensia, msimamizi wa zahanati, kakaa mbele na kisanduku cha chanjo mapajani, na gari likaingia mtaroni taratibu kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Hakuna aliyeumia. Lakini habari ilifika Mpanda kabla yao, na ilipofika ilikuwa imeshapata chupa ya pombe ndani yake.

Sista hakugomba. Alisema tu kwamba gari litazamwe na fundi mwingine, na kama akilikuta zima, safari ya chanjo ya Kapalamsenga ataendesha Elias, na kuanzia hapo Elias ndiye dereva. Safari yenyewe ilikuwa kesho. Ambrosi alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye usukani wa parokia. Hakujua kazi nyingine, wala hakutaka kuijua.

Mafundi wawili walikuwa wamelitazama gari kabla ya Cyriaque. Wa kwanza alikaza kila nati aliyoiona. Wa pili alimsogelea Ambrosi karibu mno, akamnusa, akasema gari halina neno. Cyriaque alikuja wa tatu, mtu wa makazi ya Katumba, wazazi wake walivuka kutoka Burundi naye akiwa mgongoni. Hakusomea ufundi popote. Alianza na baiskeli za watu. Siku ile ya kwanza hakufungua hata boneti. Alimwomba Ambrosi akae, akamuuliza swali moja.

"Ukikata kona, halafu ukaulegeza usukani, unarudi wenyewe, au unakungoja uurudishe?"

Ambrosi akafikiri. Aliinua mikono yake hewani, akakata kona isiyokuwepo, akaitazama ilivyofanya.

"Unaningoja," akasema.

"Ego," Cyriaque akasema, yaani ndiyo kwa Kirundi, akainamisha kichwa kama aliyeambiwa habari ya msiba. Kisha akaeleza kwa baiskeli. Uma wa mbele wa baiskeli haukusimama wima, umelala kidogo nyuma, na ndiyo sababu mtu anaweza kuachia mikono akajikuna na baiskeli ikaenda mbele. Usimamishe uma ule wima uone. Springi ndefu ziliinua gari; mikono ya zamani, kwa kuwa urefu wake haubadiliki, ikaizungusha ekseli mbele, na uma wa Landrova ukasimama wima. Alisema huenda ndivyo, ila hajapima. Kesho yake alipanda baiskeli hadi Sitalike, kwenda na kurudi, akapime Landrova nyingine ya aina ile ile ambayo springi zake hazijaguswa. Alirudi jioni, mavumbi hadi kwenye kope, na kipande cha boksi chenye mstari mmoja wa penseli. Ya zahanati ilipungukiwa na upana wa kidole kidogo.

Ambrosi alikuwa amekaa na watu wengi waliompa pole. Hakuna aliyewahi kuendesha baiskeli kutwa nzima ili kujua kama anasema kweli.

Sasa Cyriaque akatoka chini ya gari, akajifuta mikono, akaweka vipande viwili vya boksi pamoja juu ya boneti. Mikono myekundu ilirudisha ekseli nyuma kweli, lakini kwa upana wa vidole viwili, wakati kilichotakiwa ni kidole kidogo kimoja. Akarudi chini, akashika propela ya mbele, ule mhimili unaopeleka nguvu za injini kwenye ekseli, akaizungusha kwa mkono polepole. Ikazunguka vizuri, ikafika mahali ikakwama, ikapita. Akaizungusha tena. Ikakwama pale pale. Akamwita Ambrosi alale kando yake aione: difu, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli, ilikuwa imeinamisha pua chini mno, na kiungo cha propela kimejikunja hadi chuma kinagusa chuma.

"Basi imeharibika," Elias akasema kutoka mlangoni.

Cyriaque akasema hapana, haijaharibika. Akaipapasa ile nyekundu. "Huyu aliyetengeneza anajua kazi. Tazama alivyochomelea, hakuna alipoharakisha. Ila alikuwa anafikiria gari lililoinuliwa juu kuliko hili."

Halafu akaanza kuivua.

Elias alisimama. Alimkumbusha kwamba saa nane imepita, kwamba kazi ya asubuhi nzima inafunguliwa, kwamba Sista anakuja jioni. Cyriaque alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akaomba spana namba ishirini na nne. Elias akabaki ameshika kiuno, kisha akainama akaitafuta.

Mikono myeusi ilichukua saa mbili kuingia. Elias mwenyewe ndiye aliyeinua upande wa kulia peke yake, jasho likimtiririka, huku akinung'unika kwamba ameumbiwa trekta. Ambrosi akashika uzi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Cyriaque akachora, akaweka boksi la leo juu ya boksi la Sitalike, na mistari miwili ikawa mmoja. Akazungusha propela, ikaenda duara zima bila kigugumizi, akaizungusha tena na tena, sasa bila shaka kwa raha tu.

"Kaza tuondoke," Elias akasema.

"Hapana," Cyriaque akasema. "Kesho."

Akaeleza kwamba ndani ya kila tundu la mkono kuna mpira, na bolti ikikazwa, mpira hushikwa jinsi ulivyokaa saa ile. Ukikaza gari likiwa tupu, ukilipakia linashuka, na mpira unakaa umesokotwa safari nzima. Kabla ya masika umekatika. Yeye atakaza gari likiwa juu ya magurudumu yake na mzigo wa Kapalamsenga wote ndani.

Hapo ndipo Sista Gaudensia alipofika, kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya tope la mferejini. Ambrosi akasimama. Elias naye akasimama. Sista akawasalimia wote, akauliza bila kuzunguka: kosa lilikuwa la gari, au la mtu?

Ambrosi alitazama chini. Alitamani fundi aseme kwa sauti. Cyriaque alimwomba Sista apige magoti kidogo, akaning'iniza timazi, akamwonyesha boksi la kwanza, lililopimwa kabla ya kazi, kisha la Sitalike, kisha la leo. Sista alivaa miwani. Aliuliza maswali mawili, yote mazuri. Kisha Cyriaque akasema, "Nimepima gari, Sista, mtu sijampima. Lakini gari hili lilikuwa halijishiki. Kuna mtu amelishika kwa nguvu zake tangu mwaka juzi, kila siku, na limemshinda mara moja."

Sista akainuka, akajipangusa magoti. Akamuuliza fundi kesho anahitaji nini.

Cyriaque akataja: pipa la mafuta, masanduku ya chanjo, hema, manesi wawili na Sista mwenyewe, kila mmoja kwenye nafasi yake, saa moja asubuhi, wakae watulie wakati yeye anakaza chini.

"Na kwenye kiti cha dereva akae nani?"

"Yule atakayeendesha," Cyriaque akasema. "Uzito wake nao unahesabiwa."

Ambrosi, mwembamba kama alivyo, alijua kwamba uzito wa mtu mmoja hauwezi kusogeza springi zile hata unywele. Alimtazama fundi. Fundi alikuwa ameinama anakunja uzi wake, uso hauna habari.

Sista alivua miwani, akawatazama Elias na Ambrosi.

"Ambrosi," akasema, "saa moja kamili. Usinichelewee."

"Sawa, Sista."

Elias akacheka, akampiga bega, akasema afadhali, maana yeye angekaa pale mikono yote ingepinda. Kisha akaenda kuchukua magurudumu, wakayarudisha wote watatu, wakaliteremsha gari kutoka kwenye magogo. Bolti za mikono ziliachwa zimekazwa kwa vidole tu. Ambrosi alichukua gunia akafunika upande wa kulia vumbi lisiingie, akazunguka kwenda kufunika na ule wa kushoto.