Steringi wa Baba Mdogo

Mchana ule Chiriku alikuwa ametundika blanketi dirishani ili kelele za mashine ya kusaga ya jirani zisiingie kwenye kipaza sauti. Mama yake, aliyekuwa kwenye kona akishona pindo kwa mkono, alikuwa ameshaonywa asikohoe. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya duka la kanda za video. Mbele walikodisha filamu, nyuma walilala, walipika, na kuzitia filamu hizo Kiswahili. Kutia Kiswahili ilikuwa kazi ya Chiriku, na mtaa mzima ulikubali kwamba kwa mdomo hana mpinzani.

Kanda ya siku hiyo ilikuwa ya Waitaliano, filamu kuukuu ya farasi, vumbi na kisasi, iliyotolewa upya kwa watu wa kutazama nyumbani. Kiitaliano alichokijua Chiriku ni tambi. Hilo halikuwahi kumzuia. Yeye aliangalia midomo: ikifunguka sana, mtu anatukana, ikifunguka kidogo, anatongoza au anaagiza kinywaji. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe.

Steringi wa filamu, shujaa mwenyewe, alikuwa amepiga goti kwenye kaburi la baba yake, na midomo ikaanza kucheza. Chiriku akavuta pumzi, akamtilia maneno.

"Baba, wewe umelala hapa, na yule aliyemtoa mama ndani ya nyumba uliyoijenga anakoroma kitandani kwako! Nitamfuata! Hata akijificha kwenye tundu la panya, nitamtoa kwa mkia!"

Hapo hapakuwa na Kiitaliano hata chembe. Yalikuwa mambo ya nyumbani. Siku ya pili baada ya mazishi ya baba yake Chiriku, baba mdogo alibadilisha kitasa cha mlango, akatangaza kwamba nyumba ni ya damu na mjane si damu, kisha akamsaidia shemeji yake kubeba mizigo mpaka barabarani, maana ni mtu mwenye huruma. Cherehani ya mama ilibaki ndani. Chiriku, ambaye mbele ya kipaza sauti ameshateketeza majeshi mazima, siku ile alitoa maneno matatu tu: "Sawa, baba mdogo."

Steringi akanyanyuka pale kaburini, akageuka, akamtazama Chiriku, akatoka kwenye televisheni. Farasi wake alipata shida kidogo kwenye mabega, lakini naye akapita.

"Vua viatu, baba," mama alisema. "Nimetoka kupiga deki."

Steringi akavua buti, akaziweka mlangoni na vyuma vyake vya kisigino. Farasi alipelekwa nje, akaanza kula maboksi ya kanda. Mama alimimina chai. Mgeni alipotaka kushukuru, midomo ilicheza kwanza, na sauti haikuja. Alijaribu tena. Wote wawili wakamgeukia Chiriku.

"Asante, mama," Chiriku alisema, na maneno yakatokea kwenye kinywa cha steringi, yamechelewa kidogo, kwa sauti ileile inayojulikana mtaa mzima.

"Kumbe hana sauti bila wewe," mama alisema. Aliweka sindano chini na, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka. "Basi kesho twende kwangu."

Kesho yake jioni waliondoka watatu. Mama alivaa gauni lake la kutokea na kubeba ufunguo wa zamani, ingawa kitasa chake kilishatupwa. Njiani fundi viatu aliuliza vile vyuma vya kisigino vinauzwaje. Trafiki alimwamuru steringi asogeze farasi kando ya barabara, akaendelea kupiga filimbi yake. Mama alitembea mbele. Alikuwa na furaha, na hakuificha.

Baba mdogo alifungua geti akiwa na kandambili na shati la ndani. Nyuma yake, kwa mlango ulioachwa wazi, cherehani ilionekana sebuleni. Ilikuwa imewekewa kitambaa cha maua, na juu yake televisheni.

Steringi alishuka, akatanua miguu. Upepo ukavuma. Mfuko wa plastiki ulibingirika kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, taratibu, kama ulioandaliwa. Majirani walitoka kwenye vibaraza, na wengine walikuja na viti. Steringi akatema mate, akaweka mkono kwenye bastola, na midomo yake ikafunguka sana. Ikafunguka kwa muda mrefu. Mishipa ya shingo ilimtoka. Ilikuwa wazi hata kwa asiyejua lugha yoyote kwamba yanayosemwa pale ni mazito.

Kisha sauti ikafika.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," baba mdogo alijibu. "Huyu mgeni wenu ana adabu."

Mama alimfinya Chiriku mbavuni. "Sema, mwanangu! Mwambie atoke kwangu!"

Chiriku alimtazama baba mdogo, ambaye ana pua ya marehemu baba yake na namna ileile ya kukunja uso. Steringi aliona hakuna msaada, akachomoa bastola na kufyatua. Bastola haikutoa kitu. Milio yote ya risasi katika filamu zile huwa inatoka kinywani mwa Chiriku, na Chiriku hakusema "pa".

"Hamjambo hapa nyumbani?" steringi akasikika akiuliza.

"Hatujambo kabisa." Baba mdogo alimzunguka, akamkagua kuanzia kofia mpaka buti kama mtu anayenunua kabati. "Mimi natafuta mlinzi. Siku hizi watu hawaaminiki, mtu anaweza kukuchukulia nyumba yako hivihivi. Atakubali?"

Steringi alisema mengi. Alipiga buti chini, akaonyesha mama, akaonyesha nyumba, akaonyesha mbinguni. Machozi yalimlengalenga. Majirani wote wakageuza viti kumtazama Chiriku.

"Sawa, baba mdogo," steringi akasema.

Na kwa kuwa steringi akishatoa neno lake halirudi, aliketi getini jioni ileile, akavuta kofia usoni. Farasi alifungwa kwenye mti wa ua. Mama alirudi na ufunguo wake, safari hii akitembea nyuma.

Ile kanda iliendelea kukodishwa. Sasa haina steringi. Jambazi mkuu anakaa kwenye shamba aliloliiba, anakunywa kahawa, anacheza karata, anazeeka vizuri, na mwisho watoto wake wanamwimbia. Wateja wengine walilalamika. Baba mdogo aliikodi wiki tatu mfululizo, akaitazama juu ya cherehani, akamtumia Chiriku salamu kwamba miaka yote hii hajaona filamu tulivu kama hiyo, haina fujo, ina mafunzo.

Mama hakukata tamaa upesi. Kila akitoka sokoni alipita getini kuomba angalau cherehani yake, na kila mara steringi alisimama, akamzuia kwa mkono, kama kazi inavyodai. Kisha alivua kofia, akainamisha kichwa, na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Mama alisubiri, kikapu mkononi, mpaka imalize.

"Yule mtu kila siku ananiambia kitu," alimwambia Chiriku siku moja. Chiriku alikuwa ametundika blanketi dirishani, anakaribia kurekodi. "Leo amesema mpaka miguu ikaniuma. Anasemaje?"

Chiriku alikigusagusa kipaza sauti.

"Anakusalimia, mama."

Mama alilamba uzi, akautia kwenye tundu la sindano, akavuta pindo karibu na macho.

"Salamu ndefu hiyo," alisema.