Pasi ya Miguuni

"Haya, pisheni, Namba Tatu apite!" golikipa Kessler alipaza sauti, na chumba kizima cha kubadilishia nguo kikaangua kicheko. "Mfutieni na benchi, asije akakalia jasho la sisi wa bei rahisi."

Jérémie Thibault alicheka nao. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu ujana wake watu walimtania kwa jambo lile lile: siku timu za ligi kuu zilipochagua vijana wapya wa mpira wa magongo wa barafuni, yeye alichaguliwa wa tatu, mbele ya mamia. Timu mbili zilikwisha kumchoka. Hii ya tatu ilimwita kambini Septemba kwa majaribio tu, bila mkataba.

Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Rhett Wiebe.

Wiebe hakuwahi kuchaguliwa na mtu. Siku ya uchaguzi wa mwaka wake alikuwa shambani kwao Saskatchewan, juu ya trekta, redio imewashwa, mpaka jina la mwisho likasomwa na baba yake akasema, "Haya, twende tukamalize majani ya ng'ombe." Kilichomfikisha ligi kuu ni mwili. Alijilaza mbele ya kisahani kinapopigwa, kile kiduara kigumu cha mpira kinachouma kama nyundo, ili kimpate yeye kisipate goli. Miguu yake ilikuwa na rangi ya biringani kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Miaka kumi na moja alicheza safu ya nne, ile ya mwisho, ya wasio nyota, na hakuna mtoto aliyevaa jezi yenye jina lake isipokuwa wanawe, nao walipewa bure.

Mwaka huu nafasi ya winga wa safu ya nne ilikuwa moja, na waliobaki kuigombea ni wawili, yeye na Thibault. Ukitaka kujua kilichomuuma, ni hiki: yeye akikosea mara mbili anafungasha. Aliyechaguliwa wa tatu akianguka, wanakimbilia kumtandikia godoro.

Shida ni kwamba kijana mwenyewe hakuwa na ubaya. Alimwita kaka. Alimuuliza namna ya kujilaza mbele ya kisahani bila kupoteza meno, na Wiebe, masikini, akamfundisha.

Jumamosi jioni walicheza mechi ya kirafiki. Kipindi cha pili Wiebe alikuwa na kisahani pembeni, karibu na goli lao. Thibault alikuwa anakatiza katikati ya uwanja, gongo limelazwa chini, anaomba pasi. Na kutoka upande wa pili, beki wa wageni, jitu la kilo mia, alikuwa ameshaanza kuja.

Wiebe alimwona yule beki. Hilo lisemwe wazi. Alimwona, na angeweza kukigonga kisahani ukutani kikatoka salama, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Badala yake alimpasia Thibault, tena si kwenye gongo. Alimpa miguuni, nyuma kidogo. Watoto wa Kanada huonywa kuhusu pasi hiyo kabla hawajang'oka meno ya utoto, kwa sababu anayeipokea hana budi kuinamisha kichwa aitafute, na ukiinamisha kichwa katikati ya uwanja huoni kinachokuja.

Thibault aliinamisha kichwa.

Kishindo kilisikika mpaka viti vya juu. Kofia ngumu ilimtoka ikawa inazunguka peke yake kwenye barafu. Alilala kimya, na muda wote huo Wiebe alikuwa akijiambia kwamba mkono ulimteleza, kwamba ni bahati mbaya tu. Alijiambia harakaharaka, kama mtu anayefagia wakati mgeni ameshabisha hodi. Kisha kijana akainuka, akajikokota hadi benchi.

"Macho juu, wewe!" Kocha Doyle alimfokea. "Unapita katikati ya uwanja unatafuta sarafu?"

"Kosa langu, kocha," Thibault alisema, damu ikimtoka mdomoni. "Nilitazama chini."

Akakaa karibu na Wiebe, akamgonga miguu kwa gongo, taratibu, vile wachezaji wanavyoshukuriana. Wiebe alitazama mbele. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu, na alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi yake aliitwa ofisini. Meneja Kowalchuk alikuwa ameketi, kocha amesimama, na ilionekana wamebishana tangu kahawa ya kwanza.

"Timu mbili zimemjaribu zikashindwa," kocha alikuwa anasema. "Sisi ni nani, waganga? Kila mwaka kuna meneja anaokota mtoto aliyetupwa na wenzake, anadhani kaokota dhahabu."

"Yeye hatugharimu kitu," meneja alijibu. "Na ufundi wa mikono ile hufundishi mtu. Waliomchukua walimtupa katikati ya watu wazima akiwa na miaka kumi na minane, wakamwambia haya, okoa timu. Nani angepona? Kati ya watano kama yeye nikimpata mmoja, nimefaidika."

"Na wale wanne wanakalia nafasi za watu wanaofanya kazi." Kocha alimgeukia Wiebe. "Wewe umecheza naye kambi nzima. Sema ukweli, mzee. Jana umejionea. Hana macho yule, si ndiyo?"

Hata kutikisa kichwa kungetosha. Wiebe aliifikiria nyumba, watoto, na magoti yake ambayo timu nyingine isingeyachukua hata kwa zawadi.

"Ile pasi ilikuwa mbaya," alisema.

"Pasi mbaya zipo. Mchezaji anatakiwa—"

"Kocha, nilimwona beki." Sauti ilimtoka nyembamba. "Nilimwona anakuja, nikampa miguuni."

Meneja aliacha kuchezea kalamu. Kocha, polepole, alianza kutabasamu.

"Unadhani hatuna video?" alisema, akimpiga Wiebe begani. "Nimeirudia weee. Nikamwambia Kowalchuk, huyu mzee bado ana njaa. Watu kama hao ndio ninaowataka."

Angetukanwa, angejua la kufanya. Pongezi ile ilimvua nguo. Alimtazama meneja, akitumaini angalau yeye atamkasirikia, lakini meneja alikuwa anachungulia dirishani.

"Mchukueni yule kijana," Wiebe alisema.

"Tutaamua mchana," meneja alijibu bila kugeuka.

Uwanjani nusu ya taa zilikuwa zimezimwa. Thibault alikuwa peke yake kwenye barafu, mdomo umevimba, amemwaga ndoo nzima ya visahani. Alipomwona Wiebe mlangoni, alimpungia mkono.

"Kaka! Afadhali umekuja. Vaa viatu vya barafuni unisaidie kidogo."

Wiebe alitaka kumwambia pale pale. Badala yake alikwenda kuvaa viatu, akakaza kamba kuliko kawaida, akaingia.

"Unataka nini?"

"Ile ya jana." Thibault alikuwa ameshafika katikati, anateleza kinyumenyume. "Miguuni, nyuma kidogo. Na usinionee huruma."

"Jérémie, sikiliza—"

"Wewe lete tu."

Wiebe alipiga. Kisahani kilikwenda vilevile, nyuma ya kisigino. Safari hii kijana hakuinamisha kichwa. Alikitafuta kwa mguu, kikamgonga, kikampita, kikaenda zake, na muda wote huo macho yake yalikuwa juu, yamemkazia Wiebe usoni.

"Tena," alisema.

Visahani vilikuwa vimetapakaa hadi ukutani. Wiebe akavuta kingine kwa gongo.