Mlango wa Kushoto

Nyumbani walimwita binti yao Kengele, kwa sababu tangu azaliwe habari haikuwahi kulala tumboni mwake hata usiku mmoja. Alhamisi hiyo aliingia na habari mbili kwa mpigo, boksi kwapani, viatu bado miguuni, akazimwaga zote kabla mama yake hajaitikia hodi. Ya kwanza, kapata kazi, anaripoti Jumatatu, mji mwingine kabisa. Ya pili ilikuwa ndani ya boksi.

Mama akataka kujua kama hiyo kazi ina mahali pa kulala na choo kisichovuja. Baba akasogelea boksi.

Lilikuwa gari la rimoti, urefu wake kama mkono toka kiwiko hadi vidole, na bodi mbili za kulivalisha kwa juu, moja ya akiba, za plastiki angavu kama chupa ya maji, hazijapakwa chochote. Umbo ndilo lililomponza Kengele akaliagiza: milango miwili, pua fupi, mgongo wa mviringo. Pacha wa gari la mama.

Gari la mama, jamani. Liliuzwa Kengele akiwa mwaka wa kwanza chuoni, hata kuliaga hakuliaga. Baba, mpiga rangi wa magari kwa miaka thelathini, ndiye aliyeliokota likiwa mkweche nyuma ya gereji, akalinyoosha bati, kisha akamuuliza mkewe anataka rangi gani. Mama alikuwa anakaanga mayai. Akaelekeza mwiko kwenye kiini, akasema hii hapa. Baba akachanganya wiki nzima mpaka akaipata. Vipimo hakuandika, vilikuwa machoni mwake. Na picha zilizobaki zote ni waongo: moja inalifanya chungwa, nyingine inalifanya limau.

Kengele aliitaka rangi ile kabla hajaondoka. Alikuwa na siku tatu, na mtu mmoja tu duniani aliyeijua.

Mtu huyo akagoma. Tangu apasuliwe mtoto wa jicho, baba alikuwa akisema dunia imeoshwa kwa sabuni kali, kila kitu kinang'aa, na yeye hajui tena njano ipi ni njano. Kuchanganya hachanganyi. Labda ampigie msasa tu, basi.

Kengele akadhani ni utani, akaenda zake kuaga marafiki. Kumbe mzee kasema kweli. Aliporudi, bodi moja ilikuwa imening'inia kwenye waya wa kuanikia nguo, kijivu tupu. Baba alikuwa ameibandua nailoni yake ya nje akidhani ni kifungashio cha dukani, akaipiga msasa pande zote, akaipulizia praima, ile rangi ya kwanza ya chini, kwa bunduki yake kubwa ya rangi ya zamani. Kazi safi, mkono wa fundi. Shida ni kwamba bodi hizi hupakwa kwa ndani. Jicho linaiona rangi kupitia plastiki, kwa hiyo kinachokuja mwisho gerejini, huku ndicho kinachoanza, na ile nailoni ya nje hubanduliwa kazi ikishakwisha.

"Miaka thelathini ya gereji," mama akasema, "leo umeshindwa na mwanasesere."

Kengele alicheka, halafu akaona baba hacheki. Mzee alikuwa anakunja msasa wake, polepole, mara mbili, mara nne. Akasema si macho tu basi, na kichwa nacho. Akaingia ndani.

Imebaki bodi moja. Na sasa hata wa kupiga msasa hayupo.

Ijumaa Kengele akajitosa peke yake. Alikuwa ametazama video mpaka simu ikapata moto. Akaosha bodi kwa sabuni ya vyombo, akaikausha, akaziba madirisha yake kwa ndani kwa tepu ya karatasi. Halafu akaanza kuchanganya rangi kwenye kikombe cha dawa ya kikohozi, njano na nyekundu, nyekundu na njano, akipaka kwenye kipande cha chupa ya plastiki na kumpelekea mama jikoni. Mama akasema hiyo ni karoti. Ya pili akasema hiyo ni homa ya manjano. Ya tatu akafunika uso kwa kanga.

Kengele hakuwa anaigiza, alikuwa mbovu kweli. Na ubovu wa mtu mwingine ndicho kitu ambacho fundi hawezi kukivumilia akiwa kiti cha pembeni. Saa nzima baba alijifanya anasikiliza redio. Kisha sauti yake ikatoka ukumbini: "Nyekundu yote hiyo ya nini, unapika mchuzi?"

Akaja, akamnyang'anya kijiti. Tone la kahawia, ukucha wa nyeupe. Akafumba jicho moja, kisha jingine, akahama kivulini, akarudi juani. Akasema hajui, hajui, pengine ndiyo hii. Mama wakati huo alikuwa ameshaingia bafuni, na baba akakataza asiitwe. Mpaka mwisho.

Jumamosi ilikuwa zamu ya mtoto kumfundisha baba. Kibunduki chenyewe cha kupulizia rangi kilikuwa chembamba kama kalamu, kimefungwa mpira mrefu unaoleta upepo kutoka kwenye kompresa ndogo iliyokuwa ikinguruma barazani. Bonyeza kidole, upepo unatoka. Vuta nyuma kidogo, rangi inafuata. Baba alikishika kwa mkono mzima, kama anapaka lori, na chupa ya kwanza ya mazoezi ikatoka machozi. Ya pili nayo. Ya tatu akaanza kupuliza kwa kifundo cha mkono, nyembamba, akingoja ikauke, akipitisha tena. "Hii si bunduki," akasema, "hii ni kuandika barua." Na bodi akaiandika barua kweli, ndani kwa ndani, kona kwa kona, bila mchirizi hata mmoja.

Njano ni rangi isiyoficha kitu: chochote kilicho nyuma yake kinaonekana. Ndiyo maana ikikauka huwekewa nyeupe mgongoni. Baba alikuwa ameanza hiyo nyeupe pale simu ilipoita, mwenye nyumba wa kule anakokwenda Kengele. Kengele alipomaliza kuongea na kurudi, akachungulia ndani ya bodi. Kote nyeupe. Mlango wa kushoto, kijivu.

Akamuuliza baba kama kapitiwa. Baba akasema acha ikauke.

Mchana kutwa Kengele hakusema neno. Mama akamgusa paji la uso kuona kama ana malaria. Binti alikuwa anafikiri kitu kimoja tu: kwamba kamlazimisha mzee, na sasa wote wawili wamejua kwamba macho yale yamekwisha, na yeye keshokutwa anaondoka na kuwaachia wazazi ukweli huo.

Jumapili asubuhi wakaiweka bodi mezani. Kengele akatoa tepu ya madirisha. Baba akaivuta nailoni ya nje, taratibu, na njano ikatoka chini yake kama yai limepasuliwa.

Mama aliacha kikombe hewani. Ndiyo yenyewe. Akaishika, akaizungusha, akafika kushoto. Mlango ulikuwa umepooza rangi kidogo, unywele tu, kama kiini cha yai la juzi.

Na hapo Kengele akamwona akilini mama kijana akijifunza kuendesha gari lile la zamani, nguzo ya geti, mlango wa kushoto umebonyea. Akamwona baba akiupaka upya mara tatu na usifanane. Akajiona mwenyewe, sare na mkoba, magari yamejaa nje ya shule, anatafuta mlango uliopooza, na akiuona tu anakimbia.

"Siku ile praima nyeupe iliniishia, nikaanzia kijivu," baba akasema. "Nikawa naongeza juu, kumbe kosa liko chini. Kuubandua nikaona aibu, mngejua. Miaka kumi na moja nimewadanganya kwamba ni jua lililoupausha."

"Tulijua," mama akasema. "Kaa hapo."

Wakalivalisha gari bodi, wakaliweka sakafuni, na mama akachukua rimoti. Gari likaruka, likapinda sebule nzima, likajigonga kwenye mguu wa meza. Ubavu wa kushoto.

Baba akaliokota, akapitisha kidole. Plastiki ilikuwa na mkwaruzo. Rangi nyuma yake, salama.

"Iko ndani," akamwambia mkewe, akaliweka chini tena. "Safari hii gonga utakavyo."

Mama akalirudisha nyuma, taratibu, shingo ameigeuza, kama mtu anayetoka getini.