Keekee ya Mkanada

Mkanada alikuwa ameshaingia garini, masanduku yamerundikwa nyuma mpaka yanagusa dari, na dereva anarudi kinyumenyume kutoka getini, ndipo alipogonga kioo asimamishiwe. Akashuka mbio, akaingia stoo, akatoka na chuma kirefu kilichojisokota kama pembe ya mnyama, makali mawili chini, mkono wa kuzungushia juu. Akamkabidhi Majid, mwenye nyumba wake. Akaeleza kuwa kwao wakati wa baridi ziwa zima huganda likawa barafu, mtu akapita juu kwa miguu, akatoboa tundu kwa keekee ile, akakaa kuvua. Huku Maskati hakuwahi kuitoa hata kwenye mfuko wake. Kisha akapanda gari, akaenda zake Seeb kwenye ndege.

Yangekwisha hapo. Lakini Majid hakuwa mtu wa kuacha chuma kilale. Alikuwa na biashara ya mahema ya arusi na matanga, na mwaka huo, elfu mbili na tatu, msimu wa baridi ulipoingia, watu walikuwa wakitoka na watoto kutafuta pa kuchezea. Akamgeukia mjomba wake Aflah, aliyekuwa amekuja kuomba lifti ya Matrah tu, akamuuliza kama ameshawahi kuona mambo hayo ya kuvua kwenye barafu. Aflah akajibu ndiyo. Ulimi haukumfanyia kheri siku ile.

Kweli alishaona. Alizaliwa Unguja, akaingia melini akiwa kijana, akapita bandari ambazo nyingine kasahau hata majina. Huko Finland, meli yao imekwama kwenye barafu, alimtazama mzee mmoja kakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, tundu lake mbele yake, hasemi, hacheki, na mbwa wake habweki. Alipopata samaki alimuua kwa pigo moja, akamfunga kwenye gazeti, akaenda nyumbani kula. Aflah aliipenda heshima ile. Ndiyo aliyomhadithia Majid, na ndiyo Majid asiyoisikia.

Haikupita muda hema likasimama kwenye kiwanja nyuma ya maduka, Ruwi. Ndani mlikuwa na jukwaa la mbao lenye kimo cha meza. Juu yake yamepangwa mabonge ya barafu, yale wanayonunua wavuvi, yakamwagiwa maji yakashikana, na mashine ya baridi iliyong'olewa kwenye lori la samaki inapuliza. Mbao za chini zimekatwa matundu. Kitambaa cheusi kimezungushwa jukwaa lote hadi ardhini, ila nyuma kumeachwa upenyo wa mtu kupita. Na huko ndani, chini ya barafu, alikaa Omondi.

Omondi alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa Kisumu, aliyeletwa Omani na Majid. Alikuwa ameshakubaliwa kazi ya vyuma Bandari ya Sultan Qaboos, lakini kafili wake, yaani mdhamini, ni Majid, na bila ruhusa ya kafili hakuna kuhama. Majid akamwambia amalizie msimu wa barafu, kisha atamwachia. Kwa hiyo Omondi alitaka vitu viwili tu kutoka hema lile: ruhusa, na mikono mizima ya kwenda nayo bandarini.

Mchezo ulikuwa hivi. Aflah, kavishwa koti la manyoya ya uongo juu ya kanzu na kofia ya kuziba masikio, anatoboa barafu. Mtoto anatumbukiza ndoana. Chini Omondi anaipokea, anamtunga changu, anautikisa uzi. Mtoto anavuta, mama anapiga picha. Kisha changu anarudishwa chini kwa bomba, akangoje mtoto mwingine.

Mwanzoni samaki walikuwa hai, wameletwa kwa mapipa kutoka kwa wavuvi wa Sidab. Hawakuona jioni. Majid akasema nani atajua. Basi wakawa wanavuliwa changu wale wale waliokufa, leo na kesho na keshokutwa, midomo ikararuka mpaka ndoana haina pa kushika. Omondi akawatunga machoni, na macho yalipotoka akawatunga matumboni. Baridi iliishia juu ya jukwaa. Chini kwake barafu ilivuja, maji yakachanganyika na utumbo, yakawa mfano wa uji wa kijivu uliochacha, na yeye miguu imo ndani yake.

Harufu ikapanda. Majid akamleta mama yake, Mahbuba, na vyetezo vyake, afukize udi. Basi ukiingia hemani unapokewa na udi wa bibi arusi, na ukishavuta pumzi vizuri, nyuma yake unakuja uvundo. Aflah alimwambia dada yake afadhali uvundo mtupu, angalau ule hausemi uongo. Mahbuba akamjibu kuwa mwanawe anatafuta riziki, na kama pua yake imekuwa ya kisultani, akae nje. Aflah hakukaa nje. Alikuwa akijiona kwenye kioo cha gari na manyoya yale, jasho linamtiririka shingoni, akitema mate kando.

Keekee ya kuzungusha kwa mkono ilikwenda polepole, na Majid aliiona foleni inarefuka. Akamwagiza Omondi mwenyewe aukate mkono wa kuzungushia, ausawazishe mti wa chuma uliobaki uingie kwenye mdomo wa drili ya betri. Omondi akaukata, akauchonga, akaunyoosha barabara, maana hakujua kufanya kazi mbaya. Drili ilipouma keekee ile, barafu iliyokuwa ikimtoa mtu jasho ikapitika kama halua.

Aflah hakuipenda. Matundu yaliyokwisha kutumika yalizibwa kwa barafu iliyosagwa ili yatobolewe upya, na Omondi alilazimika kuingiza mkono kutoka chini kuchokora mabaki yaliyokwama. Basi wakapatana: Aflah atoboe, achomoe, apige mguu mara mbili, ndipo mkono uingie. Alikwenda kumwambia kwa ule upenyo wa nyuma, alipokuwa akimpitishia chai.

"Mzee, usisahau hiyo mguu," alisema Omondi. "Huku mimi sioni kitu. Naona changu tu, na wao pia hawaoni."

"Nikisahau niite mbwa."

"Mbwa hawezi kaa hapa, mzee. Mbwa ako na pua."

Ijumaa moja baada ya laasiri hema lilijaa mpaka watoto wakawa wanabebwa mabegani. Betri ikachoka. Majid akaja na nyingine iliyojaa, akaipachika, na badala ya kumrudishia mjomba wake drili, akabaki nayo. Alisema wazee wanachelewesha watu. Akatoboa tundu la kwanza, akachomoa, akarukia la pili, na kishindo cha miguu yake miwili kikafika chini kama ile ishara.

"Piga mguu, Majid," Aflah alisema. "Nnakwambia, piga mguu."

"Mguu wa nini, mjomba? Watu wanangoja."

Drili ikashtuka, ikamsokota kiwiko, ikanyamaza. Majid alipoivuta juu, keekee ilikuwa imevaa glavu. Glavu ya Omondi, ya mpira wa manjano, imejiviringisha kwenye chuma kuanzia vidole hadi kifundo, inadondosha ule uji.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ndio mchezo wenyewe. Aflah aliitazama ile glavu, na hakuthubutu kuiminya ajue kama ni tupu. Majid akaibandua haraka, akaitupa kando, akamsogelea sikioni.

"Mpe mtoto ndoana, mjomba. Na ucheke."

Aflah akalivua lile koti, akalitupa chini, akashuka jukwaani, akakishika kitambaa cheusi kwa mikono miwili mbele ya watu wote, akakivuta mpaka misumari ikang'oka.

Omondi alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, changu wamening'inia misumarini kumzunguka, mkono wa kulia kaubana kwapani. Hakulia. Alipoutoa, vidole viwili vilikuwa vimeelekea kusiko. Aflah alingoja mtu mmoja tu aseme astaghfirullah, au ainamishe macho. Mtoto mmoja, yuko mabegani kwa baba yake, akauliza kwa Kiarabu kama yule ndiye samaki, na hema zima likacheka. Halafu uvundo ukawafikia, wakaziba pua kwa mashela na vilemba, wakaanza kudai viingilio vyao.

Aflah akatapika pale pale, juu ya manyoya.

Kwenye teksi ya kwenda hospitali alimsema Majid, akawasema wale watu na watoto wao, akamsema mpaka Mkanada. Omondi alikuwa kafunga macho. Walipofika mlangoni ndipo aliposema.

"Ungenitoa kwa nyuma, mzee. Mlango si ulikuwa hapo?"

Mlango ule Aflah alikuwa akiujua. Ndio aliokuwa akipitishia chai.

Hema lilivunjwa wiki ile ile, baada ya wenye maduka kulalamikia harufu. Majid alimpa Omondi ruhusa bila kuombwa tena. Bandarini walimjaribu, vidole havikukunjika kushika mpini wa kuchomelea, wakamkataa. Akarudi Kisumu, anauza vyuma chakavu. Mahbuba alifariki mwaka elfu mbili na nane, kwa sukari. Majid bado anakodisha mahema. Aflah alihamia Sur, kisha Sohar, akaenda Unguja, hakukaa, akarudi Sidab, na yuko huko. Samaki anakula, lakini udi ukifukizwa anatoka nje. Drili iliungua. Keekee imetiwa mkono mwingine, iko shambani kwa Majid, Barka, wanachimbia mashimo ya miche ya ndimu.