Mwenye Wivu

Mhina alikuwa mwinjilisti wa watu kumi na mmoja, na siku walipofika wote kumi na mmoja basi ilikuwa Pasaka. Kanisa lake pale Utende lilikuwa chumba kimoja cha matofali na bati, na waumini wake walikuwa walinzi, wapishi na wafagiaji wa hotelini, watu wa bara waliofuata kazi kisiwani Mafia. Mtu mwingine angeridhika kuwachunga hao wachache. Mhina alitaka kuogopwa, na kwa kuwa walinzi hawakuwa na nafasi ya kumwogopa, kazi hiyo ilimwangukia mkewe, Agripina.

Agripina hakuiweza. Kwa miaka tisa alikuwa amemtazama mumewe kama mtu anavyoitazama mizani anayoishuku: kimya, bila haraka, akingoja apate hakika.

Ilikuwa hivi. Wanawake wa kikundi cha mwani, wote wenyeji na wote Waislamu, walimchagua yeye kuwa katibu wao. Mwandiko wake ulikuwa unasomeka, na, kama alivyosema mwenyekiti wao Mwanasiti, hakuwa na dada wala shangazi pale kijijini wa kumpendelea. Sasa walitaka aende Tanga wiki moja, akajifunze kutengeneza sabuni ya mwani, arudi awafundishe. Nauli ilikwishapatikana. Boti ilikuwa ya Jumatatu. Kilichobaki ni kauli ya mume.

Mhina alikataa. Alisema mke anayeanza kusifiwa na watu wa nje ameanza kuabudu miungu mingine. Alisema Mungu wetu ni mwenye wivu, na mume ndani ya nyumba yake ni mfano wa Mungu. Agripina aliyasikiliza hayo akichambua mchele. Aliona jiwe, akalitoa, akaendelea. Alistaajabu tu jinsi mtu mdogo anavyojua kujichagulia kanzu ndefu.

Siku nne alimwomba ruhusa, na siku nne alijibiwa kwa wivu wa Mungu. Mwishowe Mhina, ili somo lisisahaulike, akaamua neno lenyewe liandikwe ukutani juu ya mimbari, mkewe akae Jumapili nzima akilitazama. Akamwita Mzee Mfaume, fundi wa kijijini anayeandika majina kwenye vyombo vya wavuvi na mabango ya maduka.

Jumamosi asubuhi Agripina alipopeleka chai kanisani alimkuta fundi juu ya ngazi. Alikwishaandika MUNGU NI MWENYE, kwa rangi ya buluu, herufi zimenyooka, kisha ameacha. Brashi ameilaza juu ya kopo. Mhina amesimama chini, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu njoo utuamue. Huyu mwalimu ananiambia niandike wivu. Mimi namwambia labda amekosea."

Akaeleza taratibu. Yeye ana wake wawili, mmoja hapo Utende na mmoja kisiwani Bwejuu, kwa hiyo wivu anaujua sura na sauti. Wivu umewahi kummwagia uji wa moto. Hawezi kumwandika Mungu kwa neno hilo. Kanisa si lake, lakini mkono ni wake. Kama mwalimu ataridhia, yuko tayari kuandika "nguvu", maana nafasi iliyobaki ukutani inatosha.

Mhina alisema fundi hakuitwa kufikiri.

Agripina akaweka birika chini. Amri yenye neno hilo, ile ya kutosujudia vinyago, alikuwa ameisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, kwa sababu hakupenda kuchapwa kwa fimbo asiyojua imekatwa mti gani.

"Andika wivu, mzee," alisema. "Neno halikukosewa. Ila si ule wa kutamani cha mwenzio. Hicho ni kijicho, na Mungu hana cha kumwonea mtu kijicho. Wale watu walikuwa watumwa Misri. Akawatoa, akawalisha jangwani, akaagana nao, ndipo akawaambia msinigeuzie mgongo mkasujudie vinyago. Alitoa kwanza, akadai baadaye. Na anadai kwa faida yao, maana kinyago hakitamlisha mtu."

Mzee Mfaume akafikiri. "Kumbe ni ghera," alisema. "Mtu kuilinda nyumba yake isiingiliwe. Hiyo tunayo na sisi. Ungenieleza hivyo toka mwanzo, mwalimu, saa hizi ningekuwa nakunywa chai."

Akachovya brashi, akaanza herufi ya kwanza. Hapo mambo yangeweza kuisha. Lakini Mhina alidhani amepewa ushindi.

"Umejihubiria mwenyewe," alimwambia mkewe. "Na mume ana ghera yake. Tanga huendi."

Agripina alimtazama. Hakika aliyoingoja miaka tisa ilikuwa imefika.

"Wewe umenitoa Misri ipi?" aliuliza, kwa sauti ileile ya kukaribishia chai. "Wakubwa wa kanisa walipotuondoa kule kituo chako cha kwanza kwa ugomvi wako, nani alilisha nyumba? Nilipolazwa wiki tatu, ulikuja mara ngapi? Amri hii inakataza mtu kuchonga kinyago akakiweka mahali pa Mungu. Wewe umejichonga mwenyewe, Mhina, na hata kuchonga hukujua."

Mzee Mfaume aligeuka polepole juu ya ngazi. Akauliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kuandika jina la mteja bila kosa, huu wivu wa mwalimu basi uitweje, maana kijicho si hasa, na ghera sio. Hakungoja jibu.

"Kijiji kizima kinajua: mke kasifiwa mwandiko, mume kanuna siku nne. Sisi hilo tunaliita gubu," alisema. "Lakini kwetu huwa nalo mawifi."

Mhina alijua fundi hupita kila duka, na kabla ya adhuhuri Utende nzima ingekuwa na neno jipya la kumwitia. Akasema jambo la Tanga ataliweka katika maombi.

Agripina alimimina chai, kikombe cha fundi kwanza. Ruhusa hakuiomba tena. Alimwarifu mumewe saa ya boti, siku atakayorudi, na mahali ulipo unga. Mhina akauliza ugali wa mtu mmoja husongwaje. Hilo alimweleza kwa utaratibu, maji kwanza, na akalirudia mara mbili ili aelewe.