Ugonjwa wa Dada Kifungo

Bei zilikuwa zimepanda mpaka zimekosa adabu, ndipo Benki Kuu ikapandisha riba ili izishushe. Dada Kifungo, aliyeshona vifungo vya sare za shule katika karakana ya mdogo wake, alishangilia kuliko wote. "Wapandishe tu! Huu unga umenitoa jasho vya kutosha."

Mdogo mtu hakushangilia. Karakana ilikuwa yake, na mkopo wa vyerehani ulikuwa wake. Benki iliyomkopesha haikukawia: marejesho ya kila mwezi yakavimba. Mashine ya vifungo aliyotaka kuikopea, ili dada yake apumzishe vidole vilivyoota sugu, akaiweka kando. Wazazi nao, mikopo ikiwabana, wakatia viraka sare za mwaka uliopita. Oda zikakauka. Ilibidi mtu mmoja apunguzwe, na kazi iliyobaki ya vifungo haikumtosha mtu hata asubuhi moja.

Akamwita dada yake kwenye chumba cha kukatia vitambaa, akaanza kuzunguka mbuyu. Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamfundisha hata kushika sindano. Atamwambiaje?

"Ni mimi, sivyo?" dada akamkatisha. "Usijiumeume. Ila wasichana wa karakana wasijue kwamba nimeachishwa kazi na mdogo wangu wa tumbo moja. Waambie naumwa."

"Unaumwa nini, dada?"

"Mgongo. Nani atakuja kuupima?"

Wakacheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili. Dada akachukua mkoba wake, akatokea mlango wa nyuma.

Baada ya miezi kadhaa bei zilitulia kweli. Tusiionee Benki Kuu. Unga ulishuka, mafuta yakashuka. Mshahara wa kununulia ndio haukuwepo tena kwa Dada Kifungo, na mdogo wake kila akipita dukani roho ilimuuma.

Jumamosi moja wasichana wa karakana wakamjia na bahasha. Walikuwa wamechangishana kutoka kwenye mishahara ambayo haikuongezwa tangu riba ipande.

"Ya matibabu ya dada," akasema mkubwa wao. "Ni kidogo, utuwie radhi."

Alitaka kusema ukweli, lakini alikuwa ameahidi. Akaipokea bahasha, akaketi juu ya robota la kitambaa, akalia kwa kwikwi mbele ya watu anaowalipa.

Yule mkubwa akamshika bega. "Jikaze, bosi. Mgongo hauui mtu. Atarudi tu kazini."